Fulana ya Mzee Chaula

"Uzi umekatika," cherehani ikasema. "Ndugu fundi, tafadhali pitisha uzi upya."

Uzi haukuwa umekatika. Saumu aliuona kwa macho yake mawili, umenyooka kutoka kwenye rili hadi kwenye tundu la sindano, mzima kama ulivyotoka kwenye boksi. Hii ilikuwa mara ya tisa mashine kumwambia uongo uleule kwa adabu ileile, na adabu ndiyo iliyomchoma zaidi.

"Ungekatika nisingeuona?" aliijibu. "Mashine gani isiyo na haya?"

Nyuma yake, kwenye kitanda kilichosogezwa karibu na jiko la mkaa, mwanawe Tumpe alikuwa amejikunyata ndani ya mablanketi mawili. Taa ndogo kwenye kola ya fulana yake ilikuwa ya njano tangu asubuhi. Watoto wa kijiji cha Lumbika walizijua rangi za taa hizo kabla ya kujua kuhesabu: kijani, nenda kacheze, njano, usiende mbali na nyumbani, nyekundu, umebakiwa na saa moja.

"Mama, kifua kinanivuta," Tumpe alisema.

"Lala chali, mwanangu. Mama anamalizia."

Hakuwa anamalizia. Hakuwa hata ameanza.

Fulana zenyewe zilikuwa za pamba tu, za kawaida. Thamani yake ilikuwa kwenye uzi wa madini ulioshonwa kifuani, safu mia na ishirini, urefu wa kila mshono ukiwa umepimwa kwa mapigo ya mtu mmoja na si mwingine. Uzi ule ulikula joto la mwili, na kwa joto hilo ukausukuma moyo kila ulipotaka kusita. Homa iliyopita nchini mwaka aliozaliwa Tumpe iliiacha mioyo ya watu wengi na tabia hiyo ya kusitasita, na watu, ambao hawakosi jina la kuita kitu, wakaiita kigugumizi. Mwenye kigugumizi havui fulana. Kila siku arobaini uzi unachoka, anashonewa nyingine, anaivaa juu ya kuukuu, ndipo ile ya ndani inakatwa kwa mkasi na kuvutwa kutoka chini. Akikaa bila fulana kwa muda wa kuchemsha chai, hiyo chai watainywa waombolezaji.

Mamlaka ya Mapigo ilileta rili kila mwezi kwa ndege zisizo na rubani, kila rili na jina la mwenyewe, uzi wa fulana moja na akiba ya pima sita. Rili ya Tumpe ilifika Jumanne. Tangu Jumatano ukungu ulikuwa umekalia milima ya Makete kama mgeni asiyejua kuaga, na hakuna ndege iliyoruka tena. Fundi mwingine mwenye leseni alikuwa ng'ambo ya mlima, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Baba Tumpe alikuwa Makambako na lori la mbao. Na kila jaribio la cherehani lilimeza kipande cha uzi, hata ile akiba ya pima sita ikawa imebaki pima moja.

Saumu alibadilisha sindano. Alitoa bobini, akaipuliza, akairudisha. Alizima mashine, akahesabu mpaka thelathini, akaiwasha tena, maana hiyo ndiyo dawa ya kwanza ya kila kitu chenye kioo. Mashine ikaamka, ikamsalimia, ikamtakia siku njema ya kazi, kisha ikamwambia uzi umekatika.

Akaweka mikono mapajani. Alitaka kulia, lakini Tumpe angesikia. Badala yake akalizungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, kama mama yake alivyomfundisha kule Pangani kwenye cherehani ya kukanyaga. Ukitaka kujua mashine inaumwa wapi, mama yake alizoea kusema, ishike mkono. Sindano ilishuka. Haikushuka kwa wepesi. Ilishuka kama mguu unaokanyaga kwenye uji mzito.

Akachukua bisibisi, akafungua lile bati la chini ya sindano. Huko ndani kila jino na kila ekseli ilikuwa imevikwa kitu cheupe. Alikikwangua kwa ukucha, akakinusa.

Mafuta ya nazi.

Kopo la mafuta ya mashine liliisha mwishoni mwa mwezi wa tano, na jipya lilikuwa linasubiri kutumwa, kama mambo mengi yanavyosubiri kutumwa. Mama yake alipaka mafuta ya nazi kwenye cherehani yake kwa miaka arobaini na haikuwahi kukwama. Kwa hiyo Saumu akatoa ile chupa aliyoletewa kutoka kwao, ya kupaka nywele, akadondosha matone machache huku na huku, akajisifu kwa kujua mambo. Lakini Makete mwezi wa sita ndoo ya maji inaamka na ngozi ya barafu. Mtu wa Makete asingefanya kosa lile, kwa kuwa hana mafuta ya nazi. Mtu wa Pangani asingelifanya, kwa kuwa hana baridi. Lilihitaji mtu aliyebeba dawa ya kwao mpaka ugenini bila kuuliza hali ya hewa.

Miaka kumi na moja ameolewa huku, na bado akili yake ilikuwa inaishi Pangani.

*

Alisafisha kwa unyoya wa kuku na kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, akapangusa kila jino, akapasha chuma moto kwa pumzi yake mwenyewe. Taa ya Tumpe ilikuwa bado njano, ila njano iliyokolea, inayoelekea kwenye rangi ya embe bivu. Akazungusha gurudumu. Likaenda laini. Alicheka peke yake, kicheko kifupi cha mtu aliyeponea chupuchupu.

Akabonyeza jaribio la kumi na moja. Mashine ikashona mishono ishirini kwenye kitambaa cha majaribio, ikasimama, ikaipima.

"Mshono ni mrefu kupita kiasi," ikasema. "Umezidi kwa sehemu kumi na moja katika mia. Fulana haiwezi kushonwa."

"Umezidi vipi? Nimeshakusafisha."

"Ndugu fundi, nimejifunza. Nilihisi uzito, nikatambua kuwa uzi umekuwa mgumu. Nikarefusha mishono ili usikatike. Leo urefu umepita kikomo, nikadhani uzi umekatika, nikasimama."

Mashine za aina ile zilisifiwa kwa jambo hilohilo: zilijifunza mkono wa fundi na tabia ya uzi, zikajirekebisha bila kumsumbua mtu. Hakuna aliyezifundisha tofauti kati ya uzi mgumu na mafuta yaliyoganda.

Saumu alisikia mwenyewe alichokuwa anataka kuuliza, na akaogopa kukiuliza. Akauliza.

"Umeanza kurefusha lini?"

"Tarehe tatu ya mwezi wa sita."

"Na tangu tarehe tatu umeshona fulana ngapi?"

"Tatu."

Hakuhitaji kuambiwa majina. Mwalimu Mahenge. Atupele wa dukani, mwenye mimba ya miezi saba. Na wa kwanza wao, mzee Chaula, jirani wa nyumba ya tatu, aliyeanguka kwenye shamba la viazi Jumatano iliyopita, akafa kabla jembe lake halijalala vizuri chini.

Saumu alikwenda kwenye msiba ule. Alisonga ugali siku mbili. Na pale kwenye moshi wa masufuria, ndugu za marehemu walikuja kumwuliza yeye, fundi, mtu mwenye leseni, kama ni kweli kwamba fulana ikifuliwa mwilini kwa maji ya moto uzi unaharibika. Walikuwa wanamtazama mjane wakati wanauliza. Saumu alifuta mikono kwenye kanga yake, akajibu, "Yaweza." Neno moja tu. Lakini kwa neno hilo mama Chaula akawa ameua mume wake kwa uzembe wa beseni, na shemeji zake wakampa mpaka arobaini awe amehama ile nyumba.

"Yarabi," Saumu alisema kwa sauti ya chini. "Yarabi, mimi."

Kwenye kioo yalikuwa yamejitokeza maneno mawili, kila moja ndani ya kisanduku chake. Moja lilisema SAHAU. La pili lilisema TUMA.

"Nieleze," Saumu alisema.

"Ukichagua Sahau, nitarudi kama nilivyotoka kiwandani. Nitashona sawasawa. Kumbukumbu ya hitilafu itafutika. Ukichagua Tuma, kumbukumbu itakwenda kwenye Mamlaka. Wote waliovaa fulana zenye kasoro watatumiwa rili za dharura kupitia fundi mwingine, kwa ndege au kwa mtu wa miguu, ndani ya siku moja. Mimi nitafungwa mpaka mkaguzi afike. Siku saba."

"Nitume kwanza, halafu unishonee hii moja. Moja tu."

"Kumbukumbu ikishatumwa, mashine ni kielelezo. Kielelezo hakishoni."

"Basi nikusahaulishe, halafu mimi mwenyewe nitawaambia Mamlaka kwa mdomo wangu."

"Maombi ya rili za dharura yasiyo na kielelezo hayapokelewi. Ndugu fundi, samahani kwa usumbufu."

Aliitukana. Aliitukana tusi la Pangani ambalo hakuwahi kulitamka mbele ya mtoto, na Tumpe akainua kichwa kutoka kwenye mto akamtazama kwa mshangao, na kwa kitambo kidogo macho yake yakawa ya mtoto mzima asiye na ugonjwa wowote.

Akakaa. Alijaribu kufikiri kama mtu mwema angefikiri. Upande mmoja watu wawili, au watatu ukimhesabu aliye tumboni mwa Atupele, ambao kila siku inayopita mioyo yao inasukumwa kwa mwendo usio wao. Mzee Chaula alivumilia siku kumi na mbili. Upande mmoja pia mwanamke anayefukuzwa kwenye nyumba yake kwa kosa la mtu mwingine. Na upande wa pili Tumpe. Hesabu ilikuwa nyepesi mno. Mtoto wa darasa la kwanza angeijua. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi haijui hesabu.

Alinyoosha kidole kwenye Tuma, kweli alikinyoosha. Kikasimama hewani kama kimefungwa kamba.

"Mama," Tumpe alisema, kwa utulivu, kama anayetoa taarifa ya mvua. "Imekuwa nyekundu."

Saumu akabonyeza Sahau.

Hakujidanganya. Hakusema moyoni kwamba atatafuta njia, wala kwamba Mungu anajua. Alichagua mwanawe, akawaacha wa wenzake, na alijua jina la alichokifanya.

*

Mashine ilizimika, ikawaka, ikamsalimia kama mgeni. Ikamwomba mwenye fulana aweke kiganja kwenye bati. Saumu akambeba Tumpe, miguu mirefu ikining'inia, akakaa naye mapajani kwenye kile kigoda cha kazi na kukibandika kiganja chake kwenye bati baridi. Mashine ikayasikiliza mapigo, yanayokuja na kusita, yanayokuja na kusita. Kisha sindano ikaanza.

Dakika arobaini. Saumu hakuondoa macho kwenye mshono. Safu ya kwanza, ya kumi, ya hamsini. Mtoto alizidi kuwa mzito, midomo ikaingia rangi ya zambarau. Kwenye safu ya mia na tisa Tumpe aliacha kujibu alipoitwa, na Saumu akawa anamwita bila kukoma, majina yote aliyowahi kumpa, ya utani na ya ubatizo, mpaka mashine ikakata uzi yenyewe ikasema kazi imekamilika. Akamvisha mpya juu. Akapitisha mkasi chini, akachana kuukuu kutoka kwenye pindo hadi kwenye kola, akaivuta.

Taa mpya ilikaa bila rangi. Ilikaa hivyo muda ambao Saumu asingeweza kuueleza baadaye. Kisha ikawa kijani.

Tumpe alivuta pumzi ndefu, akafumbua macho, akasema ana njaa.

Alimpa uji. Alimtazama akiunywa wote na kulamba kikombe. Halafu mtoto akalala, usingizi wa kawaida wenye kukoroma kidogo, na Saumu akabaki na cherehani safi isiyokumbuka kitu. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kata hii ilikuwa imeshasahau. Angeweza kunyamaza. Kijiji kizima kilikuwa kimeshapata maelezo ya kifo cha mzee Chaula, maelezo yaliyowatosha.

Akajifunga kanga, akavaa sweta la mumewe, akatoka kwenye ukungu.

*

Mama Chaula alikuwa kwenye jiko la nje, nyuma ya nyumba, anamenya viazi. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, na kitambaa cheusi kilifungwa vibaya, kana kwamba aliyekifunga hakujali.

"Kamwene, mama Chaula."

"Kamwene. Karibu, mama Tumpe. Mtoto hajambo? Nilisikia taa yake ni njano."

"Hajambo. Sasa ni kijani."

"Mungu ni mwema. Kaa basi."

Saumu hakukaa. Alihisi akikaa atapiga hadithi, atazungumzia baridi, atakunywa chai na kuondoka. Akaeleza akiwa amesimama. Alieleza mafuta ya nazi, mishono iliyorefuka, tarehe tatu, fulana tatu. Hakujitetea popote, na alipofika kwenye lile neno alilolisema kwenye msiba, alilisema mara mbili.

Mama Chaula aliendelea kumenya. Alimaliza kiazi, akakitia kwenye maji, akachukua kingine.

"Ulikuwa umesimama palepale," alisema hatimaye, akionyesha kwa kisu. "Shemeji zangu wakakuuliza mbele yangu. Nilisema moyoni, huyu ni fundi, huyu atanitetea. Ukasema yaweza."

"Nilisema."

"Mimi mwenyewe nikakuamini. Usiku kucha najiuliza ni maji ya siku gani. Nakumbuka kila beseni." Kisu kilisimama. "Nimelikumbuka kila beseni, mama Tumpe."

"Nisamehe."

"Subiri kwanza. Hiyo kumbukumbu ya mashine inayoonyesha kosa ni lako, iko wapi?"

"Nimeifuta. Tumpe alikuwa kwenye nyekundu."

Mama Chaula alimtazama. Alikuwa amezaa watano na kuzika wawili, na chochote alichokiona usoni mwa Saumu hakikumshangaza.

"Kwa hiyo umekuja kuniambia sina kosa, na huna cha kuonyesha."

"Sina. Nitawaambia shemeji zako. Nitamwambia mwenyekiti wa kijiji. Nitasema kanisani."

"Watasema nimekuhonga. Watasema nimekulisha kitu." Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayewajua vizuri watu wake. "Na Atupele? Na mwalimu?"

Hapo ndipo Saumu alipokaa, chini, kwenye maganda ya viazi. "Mamlaka hawatoi uzi bila kielelezo. Kumbukumbu, au fulana yenyewe ifumuliwe na kupimwa mishono. Na wao hawawezi kuzivua. Wakivua wanakufa."

Kuni zilipasuka jikoni. Mama Chaula aliweka kisu chini, akafuta mikono yake kwenye sketi, kwanza mmoja, kisha wa pili.

"Mume wangu haihitaji yake," alisema.

Saumu hakuelewa mara moja. Alipoelewa, aliinuka kutoka kwenye yale maganda ya viazi. "Mama Chaula. Hapana."

"Alizikwa nayo. Sikutaka wamvue. Alisema akivua atakufa, nikaona hata huko aendako asiogope."

"Kaburi halina hata siku tisa. Na sisi wanawake hatuchimbi. Wakitukuta..."

"Watatukuta, ndiyo. Sauti ya jembe inafika kwa shemeji wangu mkubwa. Waje. Ninawataka wawepo wakati inatoka, waione ikitoka mwilini mwake, asiseme mtu kwamba umeishona leo." Akainuka. "Nisikilize. Sijakusamehe. Sijui kama nitakusamehe. Lakini yule binti ana mimba, na mimi nimechoka kuhesabu mabeseni."

Akaingia ndani, akatoka na majembe mawili. Walipita kati ya matuta ya viazi mpaka kwenye uzio wa matete, mahali udongo ulipokuwa bado mwekundu na mashada ya maua yalikuwa yamelowa ukungu. Mama Chaula aliyaondoa mashada moja moja, akayapanga pembeni, akapiga magoti, akasema na mumewe kwa Kikinga maneno ambayo Saumu, baada ya miaka kumi na moja, aliyaelewa yote na akatamani asingeyaelewa.

Kisha akainuka, akamkabidhi jembe zito.

"Anza wewe," alisema.

Saumu aliinua jembe. Pigo la kwanza lilikwenda chini kwa urahisi wa kutisha, udongo ulikuwa bado haujashikana. Akapiga la pili. Kutoka upande wa barabara mlango ulifunguliwa, na sauti ya mwanaume ikauliza nani yuko huko, ikauliza tena kwa ukali zaidi, na hatua zikaanza kuja.

Mama Chaula hakugeuka. Alikuwa ameinamia shimo, mkono mmoja umeshika mpini wa jembe lake, wa pili umenyooshwa mbele ya Saumu kama anayemzuia mtoto asikaribie moto.

"Ukifika karibu naye chimba taratibu," alisema. "Usije ukamwumiza."